Nilivyojibu Nilipoulizwa Juu ya Kondo

Habari za kifo cha Kondo zilinifikia Jumapili mchana, nikiwa jikoni kwangu Kibaha nachambua mchele. Kundi letu la simu la waliomaliza kidato cha sita halina mengi siku hizi zaidi ya salamu za sikukuu na matangazo ya misiba, na ujumbe huu ulikuwa mfupi: Mwalimu Kondo wa Marui, Kisarawe, ametangulia mbele ya haki, amezikwa jana alasiri, hitima ni kesho. Niliusoma mara tatu. Mume wangu alikuja kuuliza kama chai ipo, akaniona nilivyokaa. "Nani?" akauliza. Nikamwambia ni Kondo, mtu niliyesoma naye. "Wapi? Hapa au Marekani?" Kote, nikamjibu. Akasimama pale mlangoni. "Mama Neema, huu ni mwaka wa ishirini na tisa tuko ndani ya ndoa. Umenisimulia Marekani yote, mpaka majina ya mbwa wa watu. Huyo Kondo mbona simjui?" Nilimwambia nitakwenda hitimani peke yangu, nikainamia ungo kana kwamba bado kulikuwa na mawe ya kutoa.

Alisema kweli, Marekani nimeisimulia sana. Kazini, harusini, kwenye vikao vya jumuiya, watu huniomba niwachekeshe kwa habari za theluji ya kwanza niliyodhani ni majivu, na jinsi nilivyomwamkia shikamoo mzee mmoja dukani akakimbilia kuniitia mlinzi. Nimezisimulia hadithi hizo mpaka zimelainika kama kanga ya zamani. Lakini katika zote nilikuwa peke yangu. Ukweli ni kwamba tulikwenda wawili. Wafadhili walichagua wanafunzi wawili kutoka darasa letu pale Kibaha, mvulana mmoja na msichana mmoja, tukapandishwa ndege moja kwenda chuo kimoja kidogo katika jimbo la kaskazini, karibu na mpaka wa Kanada. Mvulana huyo alikuwa Kondo, mtoto wa Marui, aliyenizidi miaka miwili. Alikuwa na kichwa ambacho sijakiona tena kwa mtu mwingine. Angefumba macho akakusomea ukurasa mzima wa kitabu cha historia, nukta kwa nukta, na mwalimu wetu alizoea kumsimamisha mbele ya darasa afanye hivyo huku sisi tukimpigia makofi. Kwetu maneno ya kitabu ndiyo yalikuwa jibu. Ukibadilisha neno, unapunguziwa alama. Naomba msomaji alishike hilo, kwa sababu bila hilo hataelewa kilichompata.

Chumba nilichopewa kilikuwa na vitanda viwili, zulia lililonuka kama nguo iliyoanikwa ndani, na chini ya dirisha mabomba ya joto yaliyogonga kama mtu anayetaka kufunguliwa. Mwenzangu wa chumba aliitwa Becky. Alikuwa msichana mwema, hilo sitalificha. Alinigawia nusu ya kabati lake la vitabu, akanionyesha namna ya kuvaa soksi mbili mbili, akanikatia jina langu Nakunda likawa Naku, nami nikalipokea. Wiki za mwanzo nilikuwa kama mtu aliyeingia nyumba ya watu gizani, napapasa kila kitu. Nilijifunza kucheka wanapocheka. Nilijifunza kutomuuliza mtu habari za mama yake. Asubuhi moja nilikuwa bafuni nasugua meno, mlango wa korido uko wazi kidogo, nikamsikia Becky akizungumza na msichana wa chumba cha jirani. "Huyu wangu hana shida," alisema. "Anajifunza haraka. Siyo kama yule mwenzake." "Yule wa suti?" wa pili akauliza, wakaangua kicheko. Nilisimama na mswaki mdomoni. Ningependa kuandika kwamba niliumia kwa ajili ya Kondo. Nilifurahi. Nilifurahi kwamba kulikuwa na mtu wa chini yangu.

Yule wa suti alikuwa akiivaa kweli kila siku, suti ya kijivu aliyoshonewa Kisarawe mjini kwa safari, na juu yake koti la msaada ambalo mikono yake ilimfunika vidole. Aliingia bwaloni akisalimiana kwa mkono na kila mtu kwenye foleni ya chakula, mpaka wapishi, akiwauliza wameamkaje na nyumbani hawajambo. Jina lake masikioni mwao lilikaribia jina la kitu kinachouzwa famasi, kwa hiyo kila alipojitambulisha meza ziliinama kwa kicheko, naye alicheka nao, akidhani wamefurahi kumjua. Siku moja palikuwa na wali. Alinawa, akaukunja mkono wa koti, akala kwa vidole, taratibu na kwa adabu kama anavyokula mtu aliyelelewa vizuri. Meza yetu yote ilinyamaza kumtazama. Akainua uso, akaniona, akaniita kwa sauti ya furaha kutoka upande wa pili wa bwalo: "Dada Nakunda! Njoo huku, leo wametukumbuka!" Nilimpungia mkono, nikamjibu kwa Kiingereza kwamba nina haraka. Nikaendelea kukaa palepale.

Jumapili zilikuwa zetu, mwanzoni. Chini ya bweni lake kulikuwa na jiko la kupikia la wanafunzi, chumba kisicho na dirisha ambacho hakuna aliyekitumia, na Kondo alikuwa amebeba mwiko kutoka nyumbani ndani ya sanduku, umefungwa kwenye shuka. Alipata dukani unga wa mahindi wa njano, wenye chenga chenga, akasonga ugali uliotoka kama mchanga uliolowa, na kwa mboga akachemsha spinachi ya barafu na kuiunga kwa siagi ya karanga ya kupaka mkate. Tulikula tumesimama, kwenye sufuria moja. Alizungumza juu ya Marui kama mtu anayesoma ramani: shamba la mikorosho la marehemu baba yake, njia ya kwenda kisimani, mama yake aliyemwambia asirudi na cheti tu, arudi na akili. Huko chini alikuwa Kondo yule wa Kibaha, mwepesi wa mzaha, anaiga sauti za walimu wetu mpaka nakohoa kwa kucheka. Nilikuwa nashiba pale kuliko siku zote sita za bwaloni. Lakini nilipopanda ngazi kurudi kwangu Becky angesema, kwa upole tu, kwamba nguo zangu zinanuka kitu, na akafungua dirisha. Jumapili ya tano au ya sita nilimwambia Kondo nina masomo mengi. Iliyofuata vilevile. Hakunilaumu. Alianza kunipelekea ugali kwenye kopo la plastiki na kuuacha kwa mhudumu wa mlangoni, mpaka nilipomwomba aache.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe. Insha yangu ya kwanza ya historia niliiandika kama nilivyofundishwa: nilitafuta kitabu bora maktaba, nikazishika kurasa zake kichwani, nikaziandika. Becky aliomba kuisoma kabla sijaikabidhi. Alisoma aya mbili, akanitazama. "Naku, haya umeandika wewe?" Nikamwambia kwa fahari kwamba yametoka kitabuni, yote. Aliinuka akafunga mlango. Alinieleza kwamba pale huo huitwa wizi, kwamba mtu hufukuzwa kwa hilo, na kwamba maneno ya mwingine lazima yafungwe kwa zile alama mbili mbili za kunukuu na jina la mwenyewe litajwe. Niliichana ile insha nikaandika nyingine mbovu, ya maneno yangu, nikapata alama ndogo na nikamshukuru Mungu. Nilijua siku hiyohiyo kwamba Kondo, aliyekuwa akisoma somo hilo kwa profesa mwingine, alikuwa akiandika kama nilivyokuwa nimeandika mimi. Nilijua, na sikwenda kumwambia. Kumwambia kungenilazimu nikiri kwamba mimi na yeye tulikuwa wamoja.

Hata yeye alinifuata kuniuliza. Tulikutana kwenye ngazi za maktaba, nikiwa na Becky na wengine wawili, theluji inaanguka. Alikuwa ameshika kitabu wazi kifuani asikiloweshe. Aliniuliza kwa Kiswahili: "Dada, samahani. Hizi alama wanazoziweka juu ya maneno, mbili mbili, zina kazi gani hasa? Profesa ameniandikia kitu juu yake sikukielewa." Wenzangu walikuwa wanakanyaga kanyaga kwa baridi. "Nitakueleza baadaye," nikamwambia. "Sawa," akasema, "hakuna haraka." Lilikuwa jambo la dakika mbili. Nimeshika nyadhifa, nimeandika taarifa zisizohesabika katika ofisi za mkoa, nimewafundisha vijana wengi wa ofisini zile alama kwa uvumilivu mkubwa. Kila ninapofanya hivyo naziona zile ngazi.

Barua ilimfikia karibu na mwisho wa baridi, theluji ikiwa imegeuka tope jeusi kando ya njia. Insha tatu zilikuwa na kurasa nzima za vitabu, na ataitwa mbele ya kamati ajieleze. Alikuja bwenini kwangu akiwa na ile suti, akakataa kukaa. "Wananiita mwizi," alisema. "Vitabu vyenyewe nimeviandika pale mwisho, kila kimoja, na mwandishi wake. Mwizi gani anaacha jina la mwenye mali?" Kisha akaniomba. Alikuwa ameruhusiwa kuleta shahidi mmoja. "Njoo uwaambie tulivyofundishwa. Nikieleza mimi wanaona najitetea. Wewe wanakuelewa." Nikamwambia nitakwenda. Niliposema hivyo nilikuwa na nia ya kweli, nataka hilo liandikwe pia.

Kamati ilikaa kwenye chumba chenye meza ndefu ya mbao na picha za wazee waliokwisha kufa. Watu watano, na mwenyekiti mama wa makamo mwenye miwani iliyoning'inia kwa mnyororo, sauti yake ya upole. Kondo alieleza vibaya. Kiingereza chake kilikuwa kile cha vitabuni, na hofu ilikifanya kiwe kigumu zaidi. Alisema neno "heshima" mara nyingi, kwamba ni kuheshimu kitabu, nao wakaandika andika. Kisha mama yule akanigeukia. Aliniuliza habari za masomo yangu kwanza, akatabasamu. Halafu akauliza: "Kule kwenu, wanafunzi wanajua kwamba kunakili ni kosa?" Ni swali dogo. Kule kwetu kunakili kulimaanisha kuchungulia daftari la jirani, na kwa hilo tulichapwa. Kuandika maneno ya kitabu hakukuwa kunakili, kulikuwa kusoma. Hicho ndicho nilichoitwa nikieleze, na kingekwisha kwa sentensi mbili. Lakini niliwaona wakinitazama, watano, wakiniweka kwenye mizani pamoja naye. Nikafikiri: nikisema tulifundishwa hivi, watazitaka insha zangu. Nikafikiri juu ya Becky na zile aya mbili. "Ndiyo," nikasema. "Wanajua ni kosa." Mama yule akasubiri kama nina la kuongeza. Sikuongeza. Kondo aligeuza uso akanitazama kwa kitambo, bila hasira, kama mtu anayejaribu kukumbuka mahali alipowahi kukuona. "Ahsante, dada," akasema kwa Kiswahili.

Walimpa siku nne kuondoka. Nilikwenda kumwona siku ya mwisho kwa sababu nisingeweza kutokwenda, nikakuta amekunja shuka na kufagia chumba. Sikuomba msamaha. Nilisema mambo ya kijinga juu ya ndege na vyakula vya ndani ya ndege. Alinisikiliza, kisha akasema: "Usiwaandikie watu wa nyumbani juu ya hili. Nitasema masomo yamenishinda. Mtu aliyeshindwa huonewa huruma. Aliyeitwa mwizi, hata akisafishwa, watu humfungia milango." Nikamwitikia kwa kichwa. Nilimaliza miaka yangu minne, nikarudi, nikapata kazi, nikaolewa. Kutoka Kibaha mpaka Marui mtu akidamka anafika na kurudi siku hiyohiyo. Sikwenda hata mara moja.

Nilikwenda hitimani. Nilipitia Mlandizi kuchukua gunia la mchele, nikaingia njia ya vumbi ya Mzenga, nikafika wakati wanaume wanamaliza kisomo chini ya turubai. Wanawake walikuwa ndani, juu ya mikeka. "Poleni na msiba," nikasema, wakanijibu tumeshapoa, wakanisogezea nafasi. Mjane, Mama Zuhura, alikuwa chumba cha ndani, amekaa eda, amejitanda kanga nyeupe. Nilipojitaja jina alinyanyua macho. "Wewe ndiye uliyekwenda naye," alisema. Nikasema ndimi. Akawaomba wanawake waliokuwa naye watupishe, akabaki na binti yake Zuhura, mwalimu kama baba yake. "Alituambia masomo yalimshinda," Mama Zuhura alisema. "Hapa wamemwita Mmarekani maisha yake yote. Akikosea kidogo kikaoni, Mmarekani. Watoto wakifeli mtihani, wamefundishwa na Mmarekani aliyefeli. Alikuwa anacheka tu. Lakini mimi nimeishi na mwanamume yule miaka ishirini na saba, dada yangu, na sijaona somo lililomshinda. Wewe ulikuwa naye. Kilimshinda nini?"

Nikamwambia. Sikupamba. Nilimweleza ngazi za maktaba, nikamweleza kamati, nikamweleza neno nililolisema. Alipoelewa, hakulia. "Kwa hiyo walimwita mwizi," alisema. "Ndiyo." "Na wewe ukanyamaza." "Sikunyamaza, Mama Zuhura. Ningenyamaza, labda wangemwuliza tena. Nilisema." Zuhura alikuwa ameegemea ukuta, mikono kifuani. "Na baba alisema nini ulipojibu vile?" akauliza. Nikamwambia alisema ahsante. Binti yule alitoka nje bila kunitazama, nikasikia mlango wa uani ukijibamiza.

Mama Zuhura akamtuma mtu amwite shemeji yake, kaka mkubwa wa Kondo. Mzee alikuja akasimama nje ya pazia la mlango, nikaona miguu yake tu na ncha ya fimbo. "Shemeji," Mama Zuhura akasema, "kuna mgeni hapa ana maneno juu ya ndugu yako. Yasikilize yote." Akanigeukia. "Rudia. Kwa sauti, na hao wa mikekani wasikie." Nikarudia. Kwenye mikeka mazungumzo yalikatika, hata vyombo viliacha kulia. Nilisema Kondo hakufeli chochote, kwamba alikuwa amenizidi akili na mimi ndiye niliyebaki. Nilipomaliza, miguu ile haikusogea. "Lile jina la Mmarekani," mzee alisema hatimaye, "nililianzisha mimi. Siku aliyoshuka kwenye gari, pale barabarani, na ile suti." Akakohoa. Nikaona ncha ya fimbo ikigeuka, na miguu ikaondoka polepole.

Niliaga. Hakuna aliyenishika mkono pale mikekani, na sikutarajia. Mama Zuhura aliniita kabla sijavuka kizingiti. "Sijakusamehe," alisema, "nisikudanganye. Sijui hata kama msamaha huo ni wangu kuutoa." Alikuwa anakunja na kukunjua pindo la kanga. "Lakini mume wangu alinipa maisha yake yote isipokuwa mwaka ule. Nikimwuliza alikuwa anasema, baridi tu. Sijui alilala wapi, sijui alicheka na nani, sijui alikuwaje kijana yule kabla hawajamvunja. Eda ni miezi minne na siku kumi, na wageni wakishaondoka nitakuwa hapa peke yangu na kuta. Wewe ndiye unayeujua." Nikamwuliza kama anataka nirudi. "Nataka unisimulie," akasema. "Tangu mlipopanda ndege."

Jumamosi iliyofuata nilikwenda, na mume wangu ndiye aliyeendesha, maana yeye naye nilikuwa nimemwambia yote usiku wa ile hitima. Alibaki nje na mzee wa fimbo. Ndani, Mama Zuhura alikuwa ametandika mkeka mmoja. Hakunikaribisha chai. Alijisogeza akaegemea ukuta, akanyoosha miguu, akafunga macho kama mtu anayetaka kusikia vizuri. "Haya," akasema. "Ndege ilikuwa ya rangi gani?"